Negativu Mbili za Kiambo cha Mjomba Bakari

Mwanangu Mwanatumu,

Assalaam aleikum. Kuulizana hali itakuwa mchezo, maana ukuta mmoja tu umetutenganisha na nakusikia unavyolikalia sanduku ili lifunge. Ni baada ya alasiri. Nimejifungia katika chumba cha giza na nimewasha taa nyeupe, jambo ambalo humu ndani halitokei mara nyingi. Ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakatika njiani, nianze kukuuliza kama umechukua sweta.

Habari za sweta, za chakula na za watu wa kuwaepuka Nairobi utazipata kwa shangazi zako. Wamejaa ukumbini tangu adhuhuri na kila mmoja ana zake. Mimi nina jambo moja tu. Juzi uliniomba negativu ya ile picha ya mchanga na mikorosho. Ulisema huko kwenye nyumba ya picha unakokwenda kufanya kazi, kila mgeni huanza kwa kutundika picha moja ya mtu aliyemfundisha, na jina lake chini. Ukasema unaitaka hiyo kwa kuwa ndiyo bora niliyowahi kupiga. Nilikujibu kwamba nitaitafuta. Sikuwa na haja ya kuitafuta, najua ilipo. Nilichokuwa nikitafuta ni namna ya kukwambia kwamba picha ile niliitumia kusema uongo, na kwamba sitaki uitundike mbele za watu kabla hujajua uongo wenyewe.

Nianze mbali kidogo, uniwie radhi. Unajua nilivyoingia kwenye kazi hii. Arusi zetu, upande wa wanawake mwanamume haingii, na picha zilizopigwa humo haruhusiwi kuziona. Zama za filamu picha zilipelekwa Mombasa kusafishwa, na huko nani ajuaye zilipitia mikononi mwa nani. Mimi nilinunua trei tatu na taa nyekundu, nikaziba dirisha la chumba hiki kwa blanketi, nikajifunza kusafisha mwenyewe. Mabibi arusi wa kutoka Diani mpaka Msambweni wakanijia kwa sababu hiyo moja. Aliyepiga ni mwanamke, aliyesafisha ni mwanamke huyo huyo, na negativu zilirudi kwa mwenyewe zimefungwa kwenye kitambaa. Walikuwepo waliopiga vizuri kunizidi. Mimi nilikuwa naaminiwa, na kwa kazi ile kuaminiwa kulikuwa nusu ya ufundi.

Makosa nilifanya mengi. Moja umelisikia kila mwaka kwa shangazi zako, na kila mwaka linaongezwa chumvi. Joto la huku haliipendi dawa ya kusafishia, dawa ikipata joto inakimbia na filamu inatoka kali kuliko ulivyotaka. Wenzangu wa bara walikuwa na friji. Mimi nilikuwa na barafu ya wachuuzi wa samaki. Ukiweka barafu kwenye beseni na chombo cha dawa ukakisimamisha katikati, mambo yanakwenda. Siku moja nilikuwa na haraka, nikatia vipande vya barafu ndani ya dawa yenyewe. Barafu ile ilikuwa imekwisha kulaliwa na changu na tasi tangu alfajiri. Filamu nzima ya bibi arusi mmoja ilitoka na madoa kama ana ndui. Nilikwenda kwao siku ile ile, nikamwambia mama yake: "Kosa ni langu, nimetia barafu ya samaki kwenye dawa." Yule mama alicheka mpaka akaketi chini. Wakamvalisha binti upya, hina imeshafifia, nikapiga tena. Nakutajia hili ili ujue kwamba nilikuwa naweza kusema kweli. Nilijua inavyosemwa, na nilijua haiui.

Kamera ya mbao niliipata kwa mzee wa studio ya Ukunda alipofunga duka. Hakuna aliyeitaka. Ni kubwa, inasimama kwa miguu mitatu, na inakula filamu kipande kimoja kimoja, kila kipande sawa na kadi ya posta. Unaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi na kuona nchi imepinduliwa miguu juu. Nilianza kuibeba siku zisizo na arusi, nikapiga mikoko, maboma ya mawe, mashamba ya minazi. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Lakini mabibi arusi wanapepesa macho, na mikoko haipepesi, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaambia watu watulie.

Somo kubwa la kamera ile nimekufundisha tangu hujajua kuandika, nalo ulilikariri kama juzuu. Kivuli kinaamuliwa unapopiga. Weupe unaamuliwa unaposafisha. Usipokipa kivuli mwanga wa kutosha pale pale ulipo, filamu inabaki wazi sehemu ile, na hakuna dawa wala karatasi itakayokuletea kisichoingia. Ukikipa kivuli mwanga wa kutosha, basi mchanga utazidi, lakini unaweza kuufuata kwenye dawa, ukapunguza dakika, ukaushika usiungue. Ulikuwa ukiniuliza nilijifunzia wapi. Nikakujibu kwamba kwa kukosea. Sikukwambia ni wapi nilipopatia.

Kiambo cha Mjomba Bakari, yule unayemwita Babu Bakari wa Majoreni, kilikuwa Diani, nyuma kidogo ya ufuo. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na wewe wajua mjomba kwetu ni nani. Kwa desturi ya zamani ya Wadigo, mali ya mtu humwendea mtoto wa dada yake. Mambo yamebadilika, lakini Mjomba hakuacha tabia ya kunipitisha kwenye minazi yake akinionyesha: "Huu wako, na huu wako." Nilikuwa namcheka. Pale kiamboni palikuwa na mikorosho mitatu mikubwa iliyogusana matawi, na chini yake makaburi matatu, la baba yake, la mama yake ambaye ni nyanya yangu, na la mtoto wake Saumu aliyefariki kabla hajatimiza siku arobaini. Hati ya ardhi hakuwa nayo. Wengi hawakuwa nayo. Hati yao ilikuwa makaburi na miti waliyoipanda.

Nilikwenda pale na kamera mwezi wa Shaaban, Ramadhani inakaribia, na Mjomba alikuwa anapaka chokaa mawe ya makaburi kama afanyavyo kila mwaka. Wewe ulikuwa na miaka mitano, nilikuacha kwa shangazi yako. Kutoka chini ya ile mikorosho mchanga ulikuwa unawaka kwa jua, mweupe kiasi cha kuumiza macho, na bahari nyuma yake. Nilipima mwanga kwenye mchanga, nikapiga kipande cha kwanza. Mjomba akaniuliza akiwa na brashi mkononi: "Na sisi watupiga, au wapiga bahari tu?"

Nikamwambia: "Na nyinyi, Mjomba. Tulia kidogo."

Nikapima tena, mara hii kivulini, nikakipa kipande cha pili mwanga mara nane ya kile cha kwanza. Nilipokisafisha nilipunguza dakika nyingi kwenye dawa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo kwa kukusudia, na kilitoka sawasawa. Kilikuwa na mchanga, kilikuwa na bahari, na chini ya mikorosho kila jiwe lilihesabika.

Hicho cha pili sikukitolea picha. Wiki ile alikuja bibi mmoja wa mapambo kutoka bara, aliyekuwa akitafuta picha za kutundika katika hoteli. Nilimwekea negativu juu ya kioo chenye taa, akapita ya pili bila kusimama, akasimama kwenye ya kwanza. "Hii iko na nguvu," alisema. "Lakini hiyo kona ya kushoto iwe nyeusi kabisa, ndio macho ya mtu yaende kwa sand." Nikachukua karatasi kali, ile inayotenga weusi na weupe, nikaiongezea kona ile mwanga mara mbili nikiwa nimefunika kwingine kwa viganja. Ikawa nyeusi tititi. Mikorosho ikawa ukuta wa giza na mchanga ukaruka mbele. Ni picha nzuri, Mwanatumu, sikukatazi kuipenda. Niliipenda mimi kabla yako. Iliwekwa mapokezi, na nilikuwa napita pale bila shughuli yoyote ili nione wageni wanavyoisimamia. Kwa mara ya kwanza watu wasionijua walikuwa wanatazama kitu changu, na hakuna aliyeniambia mtoto wake ametoka mnene.

Mwaka uliofuata kiambo cha Mjomba kikawa na mgogoro. Mtu aliyesema amekinunua kwa mtu mwingine aliweka uzio, na siku Mjomba alipokuwa matangani Msambweni, tingatinga likapita. Aliporudi hakukuta mikorosho wala mawe. Mnunuzi akasema mbele ya kikao cha ardhi kwamba pale hapajawahi kuwa na kaburi. Na vyumba vya hoteli ambavyo vingejengwa pale, yule bibi wa mapambo alikuwa ameshaniambia atavitafutia picha, na angependa ziwe zangu zote.

Mjomba alinijia hapa hapa Ukunda, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kiti. Akasema: "Mwanangu, ile siku ya chokaa ulitupiga. Kikao chataka kuona. Nipe hiyo picha."

Nilimletea ya kwanza. Ile ya hoteli, yenye kona niliyoitia weusi kwa mikono yangu.

Aliivutia karibu na dirisha. Akaweka kidole pale kwenye weusi. "Sisi tulikuwa hapa," alisema.

Nikamwambia: "Mjomba, filamu haioni kivulini."

Ndiyo hiyo sentensi. Nimeibeba miaka kumi na minane. Ilikuwa kweli kwa kipande kimoja, na cha pili kilikuwa kabatini nyuma ya kiti alichokalia. Hakubisha. Alikuwa mvuvi na mkulima, angejuaje? Alikunja ile picha nyeusi kwenye gazeti, akanishukuru, akaenda nayo. Kesi ilimshinda. Akahamia Majoreni kwa binti yake Mwanamisi, na tangu hapo hajakanyaga kwetu. Ulikuwa ukiniuliza kila Idi kwa nini Babu Bakari hatutembelei. Nilikuwa nikisema Majoreni ni mbali. Mwenyewe umekwenda Majoreni, wajua si mbali.

Usinitafutie udhuru, nakujua, utaanza kusema nilikuwa peke yangu na mtoto wa kulea. Tulikuwa tunakula. Nilitaka zile picha za vyumba vipya, na nilitaka kuendelea kuwa yule mwanamke ambaye picha yake wageni wanaisimamia. Nilijua fika kwamba ile ya pili ikionekana, hakuna atakayeitazama ile ya kwanza bila kuuliza kwenye giza lile pana nini. Vyumba vilijengwa, na picha akapewa mtu mwingine kuzipiga. Sikusikitika ilivyopasa. Niliona ni adhabu niliyostahili.

Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya vivuli. Ulipokuwa unajifunza nilikuwa nakurudisha ukapime tena chini ya kila mti, ukanuna, ukasema mteja anataka anga. Nilikuwa nakufundisha ukweli nikijificha nyuma ya kipima mwanga. Kuna watu hufundisha hivyo, nami ni mmoja wao, na nadhani ufundi wako haukudhurika. Lakini kuna kitu kimoja sikukufundisha, kwa kuwa kingenirudia mwenyewe. Unapotoa picha, kila unapofunika kwa kiganja na kila unapoongeza mwanga, kuna mtu pale chini ya mkono wako. Bibi arusi alikuwa anajua nini nimekifanya kwenye uso wake, alikuwa ananilipa kwa hilo. Watu wa kwenye mandhari hawajui. Hawakuagiza. Siwezi kukupa kanuni ya hili, sina. Naweza tu kukwambia kwamba siku ile nilipoitia kona weusi, mkono wangu ulijua umewatia gizani akina nani, nami nikauacha palepale.

Uliponiomba negativu, wewe ulikwenda kulala na mimi nikalifungua lile bati la biskuti ninamoweka vipande vya zamani pamoja na mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu. Cha pili kilikuwa kizima. Asubuhi ulipotoka kuaga shule yako ya zamani nilikitolea picha. Nilitumia karatasi laini. Kipande cha kujaribia kilinionyesha kwamba ningeweza kuizidisha kidogo ikapendeza, ikawa na nguvu kama ile nyingine. Nikaiacha ilivyo. Sikuzuia mahali, sikuongeza mahali. Kwenye trei giza la mikorosho lilitangulia, halafu mchanga ukapata rangi ya majivu hafifu, na mawe yakabaki meupe peke yake chini ya miti. Mkono wa Mjomba wenye brashi ulikuwa umetikisika, umekuwa ukungu. Uso wake umetulia, kama nilivyomwomba. Nililia, na machozi yaliingia kwenye trei. Kama kuna doa, ndilo hilo.

Jana nilikwambia nakwenda Msambweni kupima presha. Sikwenda. Presha yangu ilikuwa inajulikana bila kupimwa. Nilikwenda Majoreni.

Mjomba ana jicho moja linaloona. Mwanamisi alimketisha mlangoni kwenye mwanga na mimi nikampa picha. Aliisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena. Halafu kidole kikaanza kwenda. "Baba. Mama. Na huyu Saumu." Akakirudisha kidole kwenye jiwe la kwanza. "Kumbe yaona," alisema.

"Yaona, Mjomba."

"Siku ile nilipokuja, ilikuwako?"

"Ilikuwako."

"Wapi?"

"Kabatini. Nyuma yako ulipokaa."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru. Alisema: "Wale wa kikao waliniuliza, mbona picha yako haina kaburi? Nikawaambia filamu haioni kivulini, ndivyo asemavyo mtoto wa dada yangu, na yule hasemi uongo. Niliapa kwa neno lako, Riziki. Nilishika msahafu."

Sikujua hilo. Miaka yote hii nilidhani uongo ule ulibaki kati yangu na yeye, hapa nyumbani. Nilimwomba radhi, naye akatikisa kichwa. "Radhi usiniombe leo. Mwanatumu ajua?" Nikasema hujui. "Basi mwambie wewe, kwa kinywa chako au kwa mkono wako, kabla hajaambiwa na watu wangu. Akishajua, njooni wawili, nami nitasema langu."

Mwanamisi aliifunga picha ndani ya leso. Amesema wanawe wataipeleka kwa wakili. Nimemwambia nitasimama mbele ya yeyote atakayeuliza, niseme nani aliyeipiga, ilipigwa mwezi gani, na kwa nini haikuonekana wakati ilipotakiwa. Mambo hayo yataenea Ukunda nzima, na wenye arusi watasikia. Jina la mama yako, lile ulilotaka kuliandika chini ya picha, litakuwa na maneno mengine pembeni yake. Nasikitika kwamba unaanza kazi wakati huu huu. Ni afadhali uanze ukijua.

Negativu zote mbili nimekuwekea bahasha moja. Ni zako. Sikuchagulii ya kutundika. Ukiuliza fundi, ya kwanza ni picha kali zaidi, na atakayekwambia vingine anakubembeleza.

Barua hii sikuitia sandukuni uje uisome ukiwa njiani, nimekwisha ficha vya kutosha. Nitakupa mkononi baada ya magharibi, shangazi zako wakishaondoka, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize. Najua ilivyo desturi, mtoto anayesafiri humwendea mama yake akapiga magoti, akaomba radhi. Usipige magoti. Radhi yangu unayo, hujanikosea. Mimi ndiye nitakayeomba, kwako, kwa uongo niliokulea ndani yake na kwa kila Idi niliyokwambia Majoreni ni mbali.

Usinipe kwa sababu ya haraka ya safari, wala kwa kunionea huruma. Gari lako la Nairobi ni la kesho usiku, asubuhi tunayo. Ukinipa, tutakwenda Majoreni wawili kama alivyotaka. Usiponipa, nitakwenda peke yangu, nimwambie Mjomba kwamba umeshajua.

Mama yako,
Riziki